Mjamzito Chennai: nijifungulie huku au nirudi Mombasa?

Maswali yenu ya mimba, uzazi na malezi. Anayejibu ni mkunga aliyeishi Chennai na mumewe na akajifungua mtoto wake wa pili huko huko.

SWALI: Asalaam aleikum mama mkunga. Mimi ni wa Mombasa ila mume wangu kapata kazi ya kompyuta Chennai tukahamia, sasa nina mimba ya miezi mitano na ndiyo ya kwanza. Mambo yananichanganya. Siku ya skani mume wangu kauliza tu kwa furaha zake ni wa kiume au wa kike, daktari kabadilika uso kamwambia hapa hilo haliulizwi, tukatoka tumenyamaza wote wawili. Halafu majirani wakiniona na papai wananipokonya kabisa mkononi eti mimba itatoka. Na nina hamu ya udongo usiku na mchana, huku siuoni dukani, nataka mdogo wangu anitumie. Kubwa zaidi ni kwamba mamangu anataka nirudi nijifungue nyumbani, mume anasema hospitali za huku nzuri tubaki. Niamue vipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera sana, Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nianze na skani maana hiyo imewaumiza bure. Yule daktari hana chuki na nyinyi. India kuna sheria ya mwaka 1994 inayokataza kabisa kumwambia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni, na ilitungwa kwa sababu mimba za watoto wa kike zilikuwa zinatolewa kwa wingi wazazi wakishajua. Daktari akikutajia anaweza kufungwa hadi miaka 3 na kusimamishwa kazi, na anayeenda kuomba atafutiwe naye sheria inamshika. Ukirudi kliniki angalia ukutani utaona lile bango. Na zile karatasi wanazokujazisha kila skani, wanataka pasi yako na anwani na sahihi, ni za sheria hiyo hiyo, kwa hiyo usione wanakuchunguza kwa kuwa wewe ni mgeni, hata jirani yako Mtamil anajaza. Mwambie mumeo asiulize tena, asikonyeze wala asijaribu kutoa hongo. Nguo nunueni za rangi yoyote.

Sasa hili la kurudi au kubaki. Mimi nilibaki na sijuti, lakini nilikuwa na mtoto wa pili na lugha kidogo na majirani niliokuwa nimewazoea, na wewe ni uzazi wa kwanza, kwa hiyo sikwambii ufanye nilivyofanya mimi. Swali ninalotaka ujiulize ni hili: wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua, nani atakuwa na wewe ndani ya nyumba mchana mumeo akiwa kazini? Kama jibu ni mama anakuja, au shangazi, au jirani unayemwamini kweli kweli, basi baki, hospitali nzuri Chennai zipo tele na watu wetu wamekuwa wakivuka bahari kuzifuata miaka na miaka. Kama jibu ni hakuna mtu, nenda kwa mamako. Leba yenyewe ina manesi na madaktari. Usiku wa nne uko nyumbani, maziwa yamejaa kifua kinauma, mtoto analia na wewe unalia, hapo ndipo mtu anahitaji mtu wake.

Ukiamua kurudi usichelewe. Mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari kuanzia kama wiki ya 28, na ikikaribia wiki ya 36 mengi hayakupandishi tena, na safari yako yenyewe ina kuunganisha ndege, sio ya kulala ukaamka umefika. Wiki ya 30 hivi uwe umeshaondoka, na faili lako lote mkononi. Huko India kliniki za binafsi mgonjwa ndiye anayetunza faili lake mwenyewe, kila skani kila kipimo cha damu kiweke, ukikipoteza utapimwa upya.

Ukibaki, mama naye aanze mapema, anahitaji viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano maana anatoka Kenya, bila ile kadi anaweza kuwekwa karantini akifika. Na mwezi huu huu nendeni hospitali mnayoitaka mkae na mtu wa bili mumuulize kuhusu pakeji. Wana bei ya kujifungua kawaida na bei ya kisu, lakini muulize ndani kuna nini: dawa zimo? sindano ya ganzi ya mgongo imo? mtoto akihitaji kuwekwa kwenye chumba cha watoto mahututi je? Hiyo ya mwisho mara nyingi haimo na ndiyo inayofilisi watu. Pia chumba unachochagua kinabadilisha kila kitu, sehemu nyingi ukichukua chumba cha peke yako hata ada ya daktari inapanda, siyo kitanda tu. Bima ya kazini kwa mumeo isomeni kama inalipa uzazi, ina kikomo gani, na kama inamshika mtoto tangu siku ya kwanza.

La kisu nalo nikwambie ukweli. Tamil Nadu, jimbo la Chennai, wanapasua sana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulikuta karibu 45 katika kila wazazi 100 wa jimbo hilo walijifungua kwa operesheni, wakati India nzima ni kama 21, na hospitali za binafsi ndizo zinazopandisha hiyo hesabu. Kisu kinaokoa maisha na ukihitaji usikikatae hata dakika moja. Lakini muulize daktari wako sasa, mkiwa mmetulia, ni sababu zipi zinamfanya apasue, anasubiri mpaka wiki ya ngapi, na usiku wa manane akiwa hayupo nani anaamua. Andika maswali kwenye karatasi, kwa sababu utakaa na tokeni yako ya foleni masaa mawili halafu mbele ya daktari unapata dakika chache, ukienda bila karatasi utatoka hujauliza kitu. Huko wagonjwa wengi hawaulizi, kwa hiyo daktari haelezi. Ukimuuliza kwa heshima atakueleza vizuri tu. Na mwambie umetoka wapi, na kama kwenu au kwa mumeo kuna ugonjwa wa seli mundu aombe kipimo.

Papai: lililoiva vizuri halina neno, kula kwa kiasi. Papai bichi ndilo la kuacha, utomvu wake kwenye majaribio ya panya umeonekana kukaza mfuko wa uzazi, na sidhani kuna raha ya papai bichi ya kupigania. Ila usigombane na hao majirani, nakuomba. Wanaokupokonya papai ndio watakaokuletea supu. Pokea, cheka nao, la kwako kalie jikoni. Na ukifika mwezi wa saba wakitaka kukuvalisha bangili za vioo mikono miwili mpaka kwenye kiwiko, kubali, ni sherehe yao ya kumwombea heri mjamzito, mimi walinipaka na manjano mashavuni nikapikiwa wali wa aina kwa aina, wa ndimu, wa nazi, wa ukwaju, wa maziwa mgando, nikasahau kabisa kama niko ugenini.

Udongo usiagize. Najua hamu yake, najua na ule mlio wake kwenye meno, lakini unaweza kuwa na sumu ya madini ya risasi na mayai ya minyoo, na mara nyingi ile hamu yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua. Kesho omba upimwe damu na akiba ya madini ya chuma. Ukipewa vidonge meza na maji ya ndimu, usimeze na chai wala ile kahawa yao ya maziwa. Kisha nenda kwa yule mama wa mboga wa asubuhi, ana mchicha wa kila namna, ana majani ya mlonge ambayo wao wanayaita murungai keerai, chukua fungu pika na nazi kama ulivyozoea. Ulezi umejaa madukani unaitwa ragi, uji wako upo. Dafu lipo kila kona. Samaki pia, ila nguru, wao wanamwita vanjaram na watakusifia kuliko wote, yeye mpunguze sana mpaka ujifungue kwa sababu ya zebaki, kula vidagaa na samaki wadogo.

Na jambo moja hukuuliza. Mvua kubwa za Chennai ni Oktoba mpaka Desemba, na zikija huja na dengi, homa inayoletwa na mbu. Sisi wa Pwani tukipata homa tunawaza malaria tunatafuta dawa dukani. Usifanye hivyo. Homa yoyote nenda kapimwe siku hiyo hiyo, meza paracetamol tu, usiguse diclofenac wala ibuprofen. Mbu wa dengi anauma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi, vaa mikono mirefu. Nambari ya ambulensi ni 108, iandike ukutani.

SWALI: Mama mkunga, sisi tuko Bengaluru, mke wangu anajifungua mwezi ujao, sote ni Wakenya. Mtoto atakuwa raia wa India? Na karatasi zake tunaanzia wapi?

JIBU: Hapana baba, kuzaliwa pale tu hakumpi uraia, tangu Desemba 2004 lazima angalau mzazi mmoja awe Mhindi. Wenu ni Mkenya kwa kuzaliwa, katiba ya 2010 inasema hivyo hata akizaliwa nje, mradi mama au baba ni raia. Uzazi unatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 21, hospitali ndiyo inapeleka taarifa, ila kabla hamjaruhusiwa kutoka omba uone fomu na usome majina herufi kwa herufi. Kusini mwa India wengi wanaandika jina la baba kwa herufi moja tu, na karani akiwafanyia nyinyi hivyo mtahangaika na ubalozi wa New Delhi miezi. Cheti kikitoka ombeni pasi ya mtoto, halafu mambo yake ya viza na kibali cha kutoka mnafanya mtandaoni kwa e-FRRO, tovuti ya serikali ya India ya kuandikisha wageni. Msikate tiketi kabla hayo hayajaisha.

SWALI: Mimi niko Kochi na mume wangu, hospitali wamesema mwanamume haingii leba. Ninaogopa kuwa peke yangu.

JIBU: Pole mwanangu, woga huo ni wa kweli. Sehemu nyingi wanakataa kwa sababu leba ni ya wazazi wengi pamoja, vitanda vimetengwa kwa pazia tu, kwa hiyo akiingia mume wako anawaona na wake za watu. Uliza kama wana chumba cha kujifungulia cha peke yako, wenye nacho mara nyingi wanamruhusu mume, mlipe zaidi kama mnaweza. Kama hakuna, uliza kama mwanamke anaruhusiwa, kwingine wanakubali mama au dada. Tafuta hata rafiki wa kazini, hata mke wa mwenye nyumba. Anayejua Kimalayalam, lugha ya huko Kochi, atakusaidia kuliko unavyofikiria, maana nesi akiwa na haraka anarudi kwenye lugha yake. Omba wakuonyeshe leba kabla ya siku yenyewe, uone kitanda, ujue choo kiko wapi, umsalimie sista wa zamu. Wakikuambia haiwezekani, omba tena wiki inayofuata.