Mkeka wa mbao umefura: sakafu ipi inafaa besimenti?

SWALI: Nyumba yetu ya Loresho imejengwa kwenye mteremko, na chumba cha chini kina kuta mbili zilizozikwa ardhini. Kina mita 4 kwa 5. Mwezi wa Februari fundi alibandika mkeka wa mbao (ule wa plastiki wenye sura ya mbao). Kufikia Aprili ulikuwa umetoka malengelenge, gundi imekuwa kama ute, na chumba kinanuka ukungu. Bajeti ni ndogo. Niweke nini badala yake?
Mama Neema

JIBU: Mama Neema, mkeka wenyewe hauna kosa. Februari sakafu ilikuwa kavu juu tu. Mvua za Machi hadi Mei zikaloweka udongo wa mteremko, unyevu ukapanda kupitia zege, na ukaja na magadi ya simiti yanayoyeyusha gundi. Mkeka ni plastiki, haupumui, kwa hiyo unyevu ukanaswa chini yake.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chukua nailoni ya ujenzi (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya 2017, lakini hii bado inauzwa kwa mita kwenye maduka ya hadiwea) na ukate kipande cha sentimita 60 kila upande. Kiweke juu ya zege tupu, uzibe kingo zote nne kwa selotepu pana, ukiache siku tatu. Weka kingine karibu na ukuta wa upande wa juu wa mteremko. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limegeuka jeusi, unyevu unatoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa ya chumba tu: fungua madirisha. Fanya jaribio hili mvua zikinyesha. Matokeo ya Januari yatakudanganya.

Maji yakionekana yakitiririka kwenye pembe ya ukuta na sakafu, acha habari ya sakafu kwanza. Fedha hizo zichimbe mtaro wa kokoto nje, upande wa juu, na mfereji wa paa umwage maji mbali na ukuta.

Kama ni unyevu wa kupanda tu, chukua vigae vya seramiki visivyong'aa. Maji hayaviharibu, na gundi ya vigae ni ya simiti, haigeuki ute. Kwa mita zako 20 za mraba, vigae vya sentimita 40 kwa 40 ni 125. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, vifike 138. Hakikisha namba ya rangi kwenye katoni zote ni moja. Mfuko wa gundi wa kilo 20 hufunika takriban mita 4 za mraba, kwa hiyo nunua sita, mmoja wa akiba. Grauti (simiti laini ya kujaza nafasi kati ya vigae) kilo 5 inatosha kwa nafasi ya milimita 3.

Simama karibu na fundi hapa: gundi ya mkeka ikwanguliwe yote mpaka simiti ionekane, maana kigae hakishiki juu ya gundi hiyo. Kisha akatae kishawishi cha kuweka mabonge matano ya simiti nyuma ya kigae. Katikati hubaki utupu, na siku mguu wa kabati ukikanyaga hapo, kigae kinapasuka. Atandaze gundi kwa mwiko wa meno wa milimita 10, abonyeze kigae huku akikisogeza kidogo, halafu abandue kimoja akague mgongo. Ukiwa na mabaka makavu, arudie. Aache milimita 5 kando ya kuta, skatingi itaficha. Grauti isubiri saa 24.

SWALI: Tumeambiwa mbao za SPC (za plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe) hazipitishi maji, basi zinafaa popote. Kweli?
Msomaji, Ruaka

JIBU: Ubao haupitishi maji, lakini ukungu humea chini yake. Zitumie pale tu jaribio la nailoni limetoka kavu, na bado utandike nailoni ya geji 1000 chini, vipande vikipandana sentimita 20. Sakafu isiwe na bonde linalozidi milimita 3 kwenye ubao wa kupimia wa mita 2, la sivyo maungio yatakatika kila mtu akikanyaga. Acha milimita 8 hadi 10 kando ya ukuta.

SWALI: Na kapeti ya ukuta hadi ukuta?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Hapana. Nunua zulia dogo unaloweza kulikunja na kulianika.

SWALI: Tuna terazo ya zamani. Tunaweza kubandika vigae juu yake bila kuvunja?
Baba Juma, South C

JIBU: Mnaweza, ikiwa ukigonga haitoi sauti ya utupu. Ondoeni nta yote, kisha muikwaruze kwa grinda mpaka mng'ao uishe, na mtumie gundi ya vigae iliyoandikwa kuwa inafaa juu ya vigae vya zamani. Sakafu itapanda karibu milimita 15, basi vueni milango na kuikata chini kabla fundi hajaanza.