Maswali ya Wazazi: Komunyo ya Kwanza, Wasimamizi, Vyeti na Kwaresima

Maandalizi ya sakramenti yanapokaribia, ofisi za shule za Kikatoliki hupokea maswali mengi ambayo, kwa kweli, mengi yake yanaihusu familia na parokia kuliko shule. Majibu yafuatayo yanafuata Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, unaolihusu Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wanaofuata mapokeo ya Roma.

*Mwanangu ana miaka saba na darasa lake zima linaandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza. Mimi naona bado. Nikimzuia, nitakuwa nimekiuka utaratibu wa shule?*

Hapana. Kanuni ya 914 inawakabidhi wajibu wa kumwandaa mtoto kwanza wazazi au walezi wake, pamoja na paroko, na ni paroko anayepaswa kuangalia asikaribie Ekaristi, yaani Komunyo, mtoto asiyefikia umri wa kutumia akili au ambaye hajaandaliwa vya kutosha. Shule husaidia kufundisha, lakini watoto hawapandishwi sakramenti kama wanavyopandishwa darasa. Hata hivyo, chunguza kwa nini unaona bado. Ikiwa mtoto hatofautishi Ekaristi na mkate wa kawaida, au hajafanya maungamo yake ya kwanza, una haki ya kusubiri. Lakini ikiwa tatizo ni kwamba amesahau majibu mawili matatu ya katekisimu, au kwamba nguo nyeupe na gharama za sherehe hazijapatikana, basi unamcheleweshea haki yake, kwa sababu kanuni hiyohiyo inataka aliye tayari apokee mapema iwezekanavyo. Papa Pius X alitoa agizo mwaka 1910 kwa ajili ya jambo hili hasa: katika sehemu nyingi watoto walikuwa wakisubirishwa mpaka miaka 10, 12 au hata 14, naye akaona kwamba umri wa miaka saba hivi unatosha. Zungumza na mtoto nyumbani, kisha mpeleke kwa paroko, naye azungumze naye.

*Tunaomba baba mzazi awe msimamizi wa Kipaimara wa binti yetu, maana ndiye anayemfahamu vizuri. Inaruhusiwa?*

Hairuhusiwi. Baba na mama hawawezi kuwa wasimamizi, kwa kuwa tayari wana nafasi yao, ambayo ni kubwa zaidi. Msimamizi awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea Kipaimara, sakramenti inayomwimarisha aliyebatizwa katika imani, na Ekaristi, anayeishi kulingana na imani yake, na awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine au paroko ameona sababu ya haki ya kumkubali aliye mdogo kidogo. Sheria inapendekeza achukuliwe yuleyule aliyemsimamia mtoto katika ubatizo, pendekezo ambalo familia nyingi hulipita haraka zikitafuta mtu mwenye uwezo wa kutoa zawadi.

*Cheti cha ubatizo kimepotea. Shule inayo nakala, haitoshi?*

Mara nyingi haitoshi. Kumbukumbu yenyewe ni daftari la ubatizo la parokia alikobatiziwa mtoto, ambalo pembeni mwa jina lake huandikwa baadaye Kipaimara, ndoa au upadre. Nakala ya zamani iliyomo kwenye faili la shule haina nyongeza hizo. Iandikie parokia hiyo mapema, ukitaja majina ya wazazi na tarehe ya ubatizo, walau kwa makisio.

*Sisi si Wakatoliki. Mtoto wetu atalazimishwa kupokea sakramenti, na je, anaweza kupakwa majivu?*

Hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mtu kuipokea imani ya Kikatoliki. Kanuni ya 748 inasema hivyo waziwazi. Katika Misa ya shule mtoto wenu ataketi na wenzake kwa utulivu na heshima, bila kupokea Komunyo. Majivu, yanayopakwa siku Kwaresima inapoanza, si sakramenti, hivyo akitaka anaweza kupakwa, ila ninyi mkubaliane naye kabla, asije akaamua peke yake akiwa kwenye mstari.

*Mtoto wa miaka tisa afunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu?*

Sheria haimdai. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga, yaani kula mlo mmoja kamili kwa siku pamoja na chakula kidogo mara mbili, kunamhusu mtu mzima tangu miaka 18 mpaka anapotimiza miaka 59. Kwa hiyo msimwondoe mtoto kwenye mlo wa mchana wa shule, wala msimwandikie mwalimu barua ya kumzuia asile. Wazazi na wachungaji wanatakiwa kuwalea walio chini ya umri huo katika roho ya toba, nayo huanzia kwa mtoto kuona mnachokula ninyi siku hiyo mezani, kabla hajaambiwa aache pipi.