Maswali ya Wasomaji: Kununua Pikipiki Mkononi kwa Ajili ya Matembezi

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni bwana shamba mstaafu, mkazi wa Ujiji. Kwa miaka mingi nilizunguka vijiji vya Kasulu kwa pikipiki ya mradi, Yamaha DT 125, hadi mwaka 2006 nilipohamishiwa ofisini, na tangu hapo sijaendesha tena. Sasa watoto wanajitegemea, nami natamani pikipiki yangu mwenyewe, si ya biashara wala ya kwendea shambani, bali ya matembezi ya Jumapili: kupanda hadi Kalinzi, kumsalimia shemeji yangu Manyovu, na kurudi kabla ya giza. Nimetenga shilingi milioni mbili. Nimeonyeshwa Boxer BM 150 ya kijana wa kijiwe kimoja cha bodaboda cha Mwanga, hapa Kigoma, anayetaka milioni moja na laki sita, na DT 125 ya zamani, sawa kabisa na ile niliyokuwa nikiendesha, ambayo imekaa uani kwa mtu miaka kadhaa na bei yake ni milioni moja na laki tatu. Moyo wangu umeelemea DT. Wanangu wanasema umri umenipita. Naomba ushauri.
Mstaafu, Ujiji

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Suala la umri nitaliacha kati yako na wanao. Nitaanza na DT, kwa kuwa nahisi ulikwisha kuichagua kabla hujaniandikia.

DT 125 ni pikipiki nzuri, lakini injini yake ni ya mipigo miwili, na jambo hilo lina uzito katika safari unayoikusudia. Kama unavyokumbuka, oili yake hukaa katika tangi lake dogo, na pampu huichanganya na petroli kwa kufuata mzunguko wa injini pamoja na kiasi unachofungua mafuta kwa mkono. Unapoteremka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga ukiwa umefunga mafuta kabisa, magurudumu huendelea kuizungusha injini kwa kasi huku oili inayoifikia pistoni ikiwa kidogo mno, na ndivyo pistoni nyingi za DT zilivyokamata milimani. Isitoshe, injini ya aina hiyo haimshikilii mpandaji mteremkoni kwa gia kama inavyofanya ile ya mipigo minne, hivyo mzigo wote huangukia breki, ambazo zikipata joto hupoteza nguvu wakati ule ule unapozihitaji. Wewe na wenzako mliozoea mlikuwa mkifungua mafuta kidogo kidogo mkiwa mteremkoni bila hata kufikiri. Baada ya mapumziko marefu namna hii, mkono hauwezi kuaminiwa kukumbuka hilo kabla ya kona.

Kukaa uani nako si sifa. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta hukauka na kuziba njia zake, tangi huota kutu kwa ndani, na sili za kranki, yaani mipira inayozuia uvujaji kwenye mhimili wa injini, hukakamaa. Hizo sili ndizo ninazoziogopa kuliko vyote, maana zikivuja, injini huvuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, mchanganyiko hupungukiwa petroli, na joto hupanda mpaka pistoni iharibike. Kuzibadilisha mara nyingi kunataka injini ifunguliwe. Vipuri vya Boxer utavipata kwenye maduka ya Mwanga na Kasulu, wakati vya DT ya zamani mara nyingi vitakulazimu kuagiza mbali na kusubiri. Kama una fundi anayeijua DT na huna haraka, inunue siku za usoni iwe ya pili. Ya kuanzia iwe ya mipigo minne.

Sijasema, hata hivyo, kwamba ununue Boxer hiyo ya Mwanga. Pikipiki ya kijiweni imebeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), madumu ya mawese na magunia ya mkaa, tena kutwa nzima, na kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi hazikuambii kitu, kwa kuwa waya wa spidomita ukikatika hakuna anayehangaika kuurudisha. Tazama kwanza kibao cha namba: cha biashara ni cheupe na cha binafsi ni cha njano. Cha njano kisikuleweshe, maana zipo nyingi zenye kibao hicho zilizofanya kazi ya bodaboda kimya kimya.

Mwambie kijana utakwenda asubuhi na kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina joto, muage kwa heshima na urudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na milio inayosikika ikiwa baridi tu. Ikiwa baridi, iwashe kwa kiki badala ya selfu, uiache ingurume taratibu dakika mbili tatu, kisha ufungue mafuta ghafla huku mtu akitazama ekzozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na maana yake ni ringi au sili za valvu, kazi ya kufungua injini. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi humalizika kwa kusafisha chujio la hewa au kurekebisha kabureta, hivyo usikuogopeshe, ingawa unaweza kuutaja wakati wa kupatana bei.

Baada ya hapo uache injini na uiangalie fremu, ambako wanunuzi wengi hawafiki. Inua kiti uchunguze mahali shokapu za nyuma zinapofungwa, ukitafuta weldingi. Fremu iliyochomelewa sehemu hiyo imekwisha kuvunjika kwa mizigo, na kwa pikipiki ya matembezi mimi singeendelea na mazungumzo. Isimamishe kwa stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani, kisha geuza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unakwama kidogo pale katikati, beringi za usukani zimechimbika. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, chanzo ni bushi za mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu hilo, au beringi za gurudumu lenyewe. Halafu nenda kwenye sproketi ya nyuma, shika cheni pale inapozunguka nyuma kabisa, uivute kuelekea kwako. Ikiachana na sproketi kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, seti nzima imekwisha, yaani cheni na sproketi zote mbili, na anayekwambia ubadilishe cheni peke yake anakuuzia cheni nyingine baada ya muda mfupi.

Tairi hazitazamwi kashata (meno yake) tu. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini iliyozeeka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni haifai kwa lami iliyolowa mvua.

Sasa niseme jambo ambalo huku kwetu limewaumiza wanunuzi kuliko injini mbovu. Vijana wengi wa vijiweni huendesha pikipiki za mkataba: mwenye mali hununua, kijana humlipa kila siku au kila wiki, na kadi ya usajili hubaki kwa mwenye mali mpaka deni liishe. Nyingine zimenunuliwa kwa mkopo na kadi ipo kwa mkopeshaji. Kijana aliyelipa sehemu kubwa huiona pikipiki kuwa yake, na pengine anakuuzia bila nia mbaya kabisa, lakini hana cha kukuuzia. Kwa hiyo omba kadi halisi, si nakala wala picha ya kwenye simu, ulinganishe jina na kitambulisho cha taifa cha mtu aliye mbele yako. Ulinganishe pia namba ya injini na namba ya chesisi zilizogongwa kwenye chuma, ukizisoma kwa macho yako mwenyewe baada ya kufuta vumbi na grisi. Zikiwa zimekwaruzwa au zimegongwa upya, ondoka. Vilevile, ukiletewa pikipiki ya bei ya kutupa iliyovuka mpaka wa Manyovu bila kulipiwa ushuru, ujue kwamba unanunua mzigo wa forodha.

Jina likiwa la mtu mwingine, huyo mwenye jina aje, asaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha mwende pamoja TRA (Mamlaka ya Mapato) kuhamisha umiliki. Ikiwa imesajiliwa kwa biashara, uliza hapo hapo utaratibu wa kubadili matumizi yake. Msemo wa «nipe hela, kadi tutabadilisha baadaye» usiukubali hata akiwa mpwa wako. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi uone kama ina faini ambazo hazijalipwa.

Kuhusu bei, ukitoa milioni moja na laki sita unabakiwa na laki nne za seti ya cheni, tairi, viatu vya breki, oili, bima, ada za kuhamisha umiliki na kofia ngumu, nazo ni chache kwa chombo kilichotoka kijiweni. Mimi nisingevuka milioni moja na laki nne, na kama kijana hashuki, zipo nyingine, hususan za walimu na watumishi waliozitumia kwenda kazini na kurudi, ambazo hazitangazwi. Ulizia kwa mafundi, wao ndio wanaozijua.

Ukishainunua, Kalinzi isubiri kidogo. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu uliyoijua ya vumbi sasa ni ya lami, na lami humshawishi mtu kukimbia kwenye kona ambazo zamani mashimo yalikuwa yakimpunguzia mwendo kwa nguvu. Bodaboda nazo ni nyingi kuliko ulivyoziacha, maana hata kanuni za kuzipa leseni ya usafirishaji zilikuja mwaka 2010, wewe ukiwa tayari ofisini. Anzia kwenye kiwanja cha mpira alfajiri. Fanya mazoezi ya kusimama kwa breki zote mbili, ya mbele ikikandamizwa polepole bila kunyakuliwa, na ya kugeuka mahali finyu kwa mwendo mdogo, mpaka mikono iache kukaza usukani. Kisha zunguka Ujiji na Mwanga saa ambazo barabara haina watu wengi. Siku ya kwanza ya mlima, panda kidogo tu na uteremke kwa gia ile ile uliyopandia.

SWALI: Mimi ni muuguzi Kasulu. Niliacha kuendesha nilipopata mtoto wa kwanza, na sasa nataka kurudi, kwa starehe tu. Shirika moja linatarajia kuuza kwa mnada pikipiki zake, zikiwamo Honda XL 125. Naambiwa za mashirika hutunzwa vizuri. Ni kweli? Mimi si mrefu.
Mama wa Watatu, Kasulu

JIBU: Dada yangu, ni kweli nusu. Mashirika mengi hufanya matengenezo kwa ratiba na huandika kumbukumbu, kwa hiyo omba kitabu cha matengenezo cha ile unayoitaka, maana chenyewe kina thamani kuliko rangi inayong'aa. Nusu ya pili ni kwamba pikipiki ya shirika imeendeshwa na watu wengi ambao haikuwa yao, kwenye barabara za vumbi, na mnadani huuzwa kama ilivyo. Siku ya kukagua, nenda na fundi, na kama hawaruhusu kuiwasha, punguza bei yako kichwani kana kwamba injini itafunguliwa.

Kuna swali ambalo wengi hulisahau. Pikipiki zilizoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi hudaiwa ushuru zinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Uliza kwa maandishi, kabla ya kutaja bei, kama umelipwa na kama haujalipwa ni nani atakayelipa. Nimeona watu wakishangilia bei ya mnada, kisha wakainamisha vichwa mbele ya dirisha la malipo.

Na urefu: kaa juu yake ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea. Ukigusa chini kwa nyayo za mbele za miguu yote miwili, unaweza kuizoea. Ukigusa kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, iache, kwa sababu shida haitakupata ukiwa kwenye mwendo bali pale utakaposimama mlimani kwenye barabara yenye mbonyeo, ukose pa kukanyaga, nayo ikulalie. TVS au Boxer ya kawaida itakufaa zaidi.

SWALI: Nina leseni ya gari, daraja B. Naweza kuendesha pikipiki ya matembezi kwa leseni hiyo, ikiwa sibebi abiria?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Hapana. Pikipiki ina madaraja yake ya kundi A, ambayo hutofautiana kwa ukubwa wa injini, na kutobeba abiria hakubadilishi chochote. Pata mafunzo katika chuo kinachotambuliwa, VETA ikiwa mojawapo, ufanye mtihani wa polisi wa usalama barabarani, ndipo TRA iongeze daraja kwenye leseni yako. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima hata kwa pikipiki inayotoka Jumapili tu, na ukipata ajali bila daraja linalotakiwa, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa dai lako au kukudai wewe fedha ilizomlipa uliyemgonga. Fanya leseni kwanza, pikipiki baadaye.