Walijiandikisha 20, wamebaki 6

Shikamoo mwenyekiti. Umesema vijana 20 wa Ngamiani walijiandikisha kujitolea zimamoto ya mtaa, na sasa wanakuja 6 tu. Usihangaike na wale 14. Mchana vijana wengi wako vibaruani. Wanaoshinda mtaani ni mama lishe, fundi cherehani, bodaboda wa kijiweni. Hao wafuate mmoja mmoja, tangazo la spika halimshiki mtu.

Kinachowakimbiza ni vikao. Mtu amekuja kujifunza kuzima moto, anakalishwa kusikiliza hotuba! Omba askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje na mtungi wa kuzimia moto, kila mmoja aushike mwenyewe: avute pini, aelekeze mpira kwenye kitako cha moto, abane, afagie kushoto na kulia. Aliyesikia poda ikifyatuka mkononi mwake hurudi, tena na jirani yake.

Nauli wachangieni. Na baada ya tukio baya, hasa mtoto akiungua, nakuomba sana usiwaache wakalale bila kuzungumza. Wapo wanaoacha kimyakimya kwa walichokiona, wala si uvivu.

Halafu wote wajue: kwanza piga 114, namba ya dharura ya zimamoto, ndipo ndoo.