Maswali ya Wasomaji: Mtindo Usiodai Kila Asubuhi

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 31, na kazi yangu ni ya zamu, wiki moja mchana na wiki moja usiku. Nywele zangu ni kipilipili hasa, nyingi na ngumu, na nina miaka miwili tangu niache kuzitia dawa. Kila siku ya kazi hutumia dakika 40 kuzilainisha na kuzichana ili zitulie chini ya kofia, na nikirudi nyumbani huwa zimeshafungana tena. Je, kuna mtindo ambao nitautengeneza mara moja nikauacha, bila kuharibu nywele? Nimeshauriwa ninyoe zote, na sitaki. (Muuguzi wa zamu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dakika 40 kwa siku sita za kazi ni saa nne kwa wiki, na saa nne zinatosha kusokota kichwa kizima kwa utulivu na kubakiwa na muda. Kwa hiyo usijione mvivu. Unachotafuta ni kuihamisha kazi hiyo kutoka katika asubuhi sita za haraka na kuiweka katika alasiri moja ya mapumziko. Kila mtindo unaoitwa rahisi una kazi yake iliyofichwa mahali fulani: mmoja huidai siku ya kusuka, mwingine siku ya kufumua, mwingine hukupeleka kwa kinyozi kila baada ya wiki mbili au tatu. Ninapomshauri mtu, swali langu la kwanza ni siku gani anaweza kuilipa kazi hiyo bila kununa.

Inafaa pia ujue kwa nini nywele zako hufungana tena. Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa darubini hauonekani kuwa duara. Ni bapa kidogo, kama yai lililobanwa, nao hujipinda mara nyingi kutoka kwenye shina hadi nchani. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hayapiti kwa urahisi kwenye mizunguko hiyo, ndiyo maana ncha hukauka hata pale ngozi inapong'aa, na kila mahali unywele unapojipinda ndipo unapoweza kukatika. Nywele zikiachwa huru, kila mmoja hujiviringisha kwa jirani yake, lakini zikigawanywa mafungu na kusokotwa, zinakosa jirani wa kufungana naye. Kisha, jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi, zinapumzika na mikono yako.

Kwako wewe ningechagua misokoto ya nywele zako mwenyewe, ambayo wengi huiita twisti: fungu dogo la nywele linagawanywa mara mbili na sehemu hizo zinazungushwa moja juu ya nyingine hadi nchani. Siku ya mapumziko osha nywele, zigawe sehemu nne kwa vibanio, kisha ushughulikie sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Iloweshe, ipake kondishena, ichambue kwa vidole, halafu ipitishe chanuo lenye meno mapana kuanzia nchani, ukipanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Utakutana na fundo linalokataa. Usilivute, zibane nywele kwa vidole viwili juu ya fundo hilo, upande wa ngozi, ili mvuto usifike kichwani, liongeze maji, kisha ulitanue taratibu kwa ncha ya chanuo. Wahenga waliposema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji, hawakuwa na siku ya kuosha nywele akilini, lakini sijui ushauri bora kuliko huo kwa mtu aliyezoea kuchana kipilipili ikiwa kavu.

Sehemu ikishachambuka, suuza kondishena, paka krimu kidogo au mafuta wakati nywele bado zina maji, kisha usokote. Mafuta hayaleti maji kwenye unywele, yanayazuia tu yasitoke haraka, kwa hiyo kuyapaka juu ya nywele kavu ni kuufunga mlango wakati aliyekuwa ndani ameshaondoka. Misokoto 25 hadi 30, yenye unene wa kidole kidogo, inatosha kwa kichwa chenye nywele nyingi. Ukiianza shinani kwa mizunguko miwili ya kusuka kwa mafungu matatu kabla ya kusokota, haitateleza upesi. Nchani izungushe kwenye kidole chako na kuiacha ijikunje. Mara ya kwanza utatumia saa mbili au zaidi, na mkono ukizoea muda huo utapungua.

Misokoto hiyo itakaa siku 10 hadi 14. Unapoamka huna kazi ila kuinyunyizia maji kidogo na kuifunga kisogoni kwa utepe uliolegea, kisha uvae kofia yako. Unapolala, iwe usiku au mchana wa zamu, funga kitambaa cha satini, kwa sababu pamba ya foronya hunyonya unyevu na kukwaruza nywele. Kama pamba ya kofia ya kazini nayo inakusumbua, shonea kipande cha satini kwa ndani. Siku ya kufumua, jipake mafuta kidogo vidoleni na uanze nchani. Utaona nywele nyingi zimebaki mkononi, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu, ilhali mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku hata asipozigusa. Baada ya siku 14, zile 700 hadi 1,400 zilizokuwa zimenaswa ndani ya misokoto hutoka kwa pamoja.

Ukihitaji muda mrefu zaidi, kuna misuko ya nywele bandia. Sehemu nyingine misuko hiyo huitwa rasta, na sehemu nyingine neno hilo hilo humaanisha nywele zilizofungana moja kwa moja. Hapa nitatumia rasta kwa misuko na dredi kwa zile zilizofungana. Rasta hukaa wiki sita hadi nane, na mimi sipendi zivuke hapo, kwa sababu nywele zilizokwisha kung'oka bado zimo ndani na uchafu hujikusanya kwenye mashina. Kosa langu mwenyewe lilikuwa siku ya kufumua. Nilikuwa na haraka, nikafumua msuko wa miezi mitatu na kuingia moja kwa moja chini ya bomba bila kuchambua. Zile nywele zilizong'oka zilishikana na zilizo hai kama sufi iliyolowa, nikakaa hadi usiku wa manane na chupa ya kondishena, na mwishowe mkasi ukaamua kuhusu bonge moja nyuma ya sikio. Chambua kwanza, fungu kwa fungu, ndipo uoshe.

SWALI: Bi Mshauri, nimesuka rasta mfululizo tangu nikiwa sekondari kwa sababu hazinisumbui asubuhi. Sasa nina miaka 27, na nywele za juu ya masikio na za pembeni mwa paji zimekuwa chache kiasi kwamba ngozi inaonekana. Kila nikitoka kusukwa, mashina huota vipele vidogo na kichwa huuma siku mbili. Msusi wangu anasema ni kawaida, msuko ukilegea yatakwisha. Nisuke nini?

JIBU: Kwa miezi kadhaa usisuke chochote kinachovuta, na hasa usiziguse nywele za mbele. Maumivu na vipele hivyo vinakuambia kwamba mizizi inavutwa kupita uwezo wake. Mvuto huo ukirudiwa kwa miaka, mzizi huchoka, huotesha unywele mwembamba na mfupi zaidi kila mara, na mwishowe kovu huchukua nafasi yake. Kabla ya kovu nywele huweza kurudi ukiondoa mvuto. Baada ya kovu hazirudi, uzipake mafuta yoyote utakayouziwa. Simama mbele ya kioo penye mwanga: mvuto mara nyingi huacha mstari wa nywele laini na fupi mbele kabisa, na nyuma ya mstari huo ngozi ikiwa wazi. Hata usipouona mstari huo, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, maana yeye ataweza kutofautisha mvuto na magonjwa mengine yanayopunguza nywele, na kuna dawa zinazosaidia iwapo mizizi bado iko hai.

Ukitaka uzuri sharti udhurike: methali hii nimeisikia kwenye viti vya wasusi wengi, na mara nyingi anayeitamka ni yule anayevuta. Siku utakaporudi kusuka, jipime kabla hujainuka kitini. Nyanyua nyusi, cheka, inamisha kidevu hadi kifuani. Ngozi ikiinuka kwenye mashina kama turubai la hema, au ukihisi nyusi zimepanda zenyewe, mwambie msusi afumue na kulegeza, hata kama wateja wengine wanasikia. Msusi mzuri hatachukia, kwani anajua kwamba mteja aliyeisha nywele hana sababu ya kurudi.

Wakati huu wa kupumzika, misokoto minene niliyomweleza muuguzi itakufaa, ukiacha ukanda wa mbele nje ya msokoto. Wigi pia halina ubaya likivaliwa bila gundi, juu ya kofia ya satini, na likivuliwa nyumbani. Kama bado unatia dawa ya kunyoosha, elewa kwamba unywele uliotiwa dawa umepungukiwa nguvu, na kuusuka kwa kubana ndani ya wiki mbili za kutia dawa ni kuubebesha mizigo miwili kwa wakati mmoja.

SWALI: Habari za kazi, Bi Mshauri. Mimi ni baba ninayemlea binti yangu wa miaka sita, na sijui kusuka. Kila tukigusa chanuo ni kilio. Jamaa zangu huniambia mchelea mwana kulia hulia yeye, nikaze tu. Je, kuna mtindo ambao mwanamume asiye fundi anaweza kuumudu?

JIBU: Methali hiyo inahusu malezi, haihusu chanuo, na mtoto anayelia wakati wa kuchanwa kwa kawaida analia kwa sababu anaumia. Anza na mabutu: gawa kichwa sehemu sita, kila sehemu iloweshwe, ichambuliwe kwa namna niliyoeleza hapo juu, ifungwe shinani kwa utepe laini usio na chuma wala raba tupu, kisha isokotwe mara mbili na kuachwa. Mstari wa kugawia ukipinda, hakuna atakayeupima. Mabutu hukaa wiki nzima, na siku ya kuyafungua unahamisha mistari kidogo ili sehemu zile zile zisivutwe wiki hadi wiki.

Mkalishe mtoto chini, kati ya magoti yako, apate kitu cha kushika au cha kutazama, na mkubaliane kwamba akisema "basi" unasimama kwanza. Ataijaribu ruhusa hiyo mara nyingi siku ya kwanza; mara ya tatu au ya nne atakuwa ameamini na ataacha. Usiongeze nywele bandia kwenye kichwa cha umri huo, maana uzito wake huangukia nywele changa, na shanga nazo zisizidi mbili tatu nyepesi nchani. Kuosha mara moja kwa wiki, au hata mara moja katika wiki mbili, kunatosha, isipokuwa amecheza mchangani.

SWALI: Nimechoka na kusuka na kufumua. Je, ni kweli kwamba dredi hazihitaji kazi yoyote?

JIBU: Si kweli, ingawa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, zikishakomaa, ndizo zinazodai kidogo kuliko mitindo yote niliyoitaja. Kabla ya hapo kuna miezi ambayo nusu ya kichwa imeshikana na nusu inafumuka kila ukiosha, na wengi hukata tamaa wakati huo. Zisokote upya mashinani kila baada ya wiki nne hadi sita na si mapema zaidi, kwa kuwa kusokota mara kwa mara hulegeza mizizi na kuzifanya dredi ziwe nyembamba shinani. Epuka nta, ambayo huganda ndani na haitoki. Na uwe na uhakika unazitaka, kwani njia ya kawaida ya kuziacha ni mkasi. Kuzifumua moja moja kunawezekana, lakini ni kazi ya siku nyingi.

Anayeogopa muda huo na hana kinyongo na nywele fupi anaweza kukata tu. Hata hivyo asinyoe kwa wembe hadi kwenye ngozi, hasa kisogoni, kwa sababu unywele uliojipinda huweza kurudi ndani ya ngozi na kuacha vipele vigumu vinavyogeuka makovu. Mashine iliyoacha milimita mbili au tatu inatosha. Kwa upande wa dredi, kazi ambayo watu huisahau ni kukausha: dredi nene hushika maji kama sifongo, na zikifungwa kitambaa zikiwa mbichi hupata harufu ya uvundo ambayo shampuu haiitoi kwa urahisi. Zioshe asubuhi, zikamue kwa taulo moja moja, na usilale hadi uzibonyeze katikati na kuhisi kwamba zimekauka.