Mpango ushuke, kisha upande

Ndugu, umeuliza kwa nini timu yako imepewa mpango mkakati, ikausoma, na bado kila mtu anafanya kazi kama zamani. Naona ni kwa sababu mpango ulishuka tu, haukupanda. Wajapani wana utaratibu uitwao hoshin kanri, ulioanza viwandani kwao miaka ya 1960: uongozi unatoa lengo, timu inalirudisha na majibu yake (hili tunaliweza, hili linahitaji watu zaidi), linakwenda na kurudi hadi wakubaliane.

Anza na lengo moja. Tuseme ni kupunguza wateja wanaohama. Mhudumu wa simu hawezi kufanyia kazi "kudumisha wateja". Anachoweza ni kujibu malalamiko siku hiyo hiyo, na kuandika pembeni kila anayepiga tena kwa shida ile ile. Orodha hiyo muitazame pamoja kila wiki, maana ndiyo inayoonyesha shida inatoka idara gani.

Na tafadhali, kubalianeni pia kazi ipi iachwe. Viongozi wengi hulikwepa hilo, watu wakabaki na mzigo mpya juu ya ule wa zamani.