Kwa Mdogo Wangu Uliyechoka Kuigiza Mlinzi

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja. Ni mfupi: "Kaka, huu ni mwaka wa sita naigiza. Nimekuwa mlinzi mara nne, dereva mara tatu, maiti mara moja. Nifanyeje na mimi nipate kuwa steringi?"

Nilitaka kumjibu palepale, nikashindwa. Ujumbe wake umenikuta wiki ileile niliyopigiwa simu na mwandishi wa filamu. Aliniambia amemaliza skripti, ndani yake kuna baba mkwe mwenye sini tisa, yaani vipande tisa vya hadithi anavyoonekana, na kila alipokuwa akimwandika yule mzee alikuwa anaisikia sauti yangu. Nina miaka 22 katika kazi hii, jukwaani na mbele ya kamera. Nimekuwa hakimu, karani, mjomba, daktari anayeleta habari mbaya, mwenye nyumba anayedai kodi. Steringi, yaani mhusika mkuu, sijawahi. Na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaniandikia mimi hata sini moja, mpaka wiki hiyo. Simu ilipokatika nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikalia. Sioni haya kulisema.

Kwa hiyo jibu lako, mdogo wangu, litakuwa refu. Nivumilie.

Nafasi yangu ya kwanza jukwaani ilikuwa ya tarishi. Naingia, natoa barua, nasema maneno matano, natoka. "Bwana mkubwa, barua yako hii." Basi. Wiki nzima ya mazoezi niliyasema kwa kila namna ninayoijua: kwa kishindo, kwa unyenyekevu, kwa kuhema. Hayakukaa. Siku moja mzee wa kundi letu, ambaye alianza kuigiza mimi sijazaliwa, alinivuta pembeni akaniuliza, "Hiyo barua umetoka nayo wapi?"

Nikamjibu, "Nyuma ya pazia."

Akasema, "Ndiyo maana. Sisi tuliokaa huku tunamwona kijana aliyetoka nyuma ya pazia."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kumtafuta tarishi wangu. Ametoka mbali, amekuja kwa miguu siku mbili, barua ameificha ndani ya shati na kila akisimama anaipapasa kuona kama imelowa jasho. Anaogopa kuipoteza kuliko anavyoogopa njaa. Bado nikaona kuna kitu kimepungua. Halafu, kama saa nane hivi za usiku, nikajua: hajui kusoma. Hapo ndipo nilipompata. Mtu asiyejua kusoma akibeba barua siku mbili kifuani, lazima atamani kujua ina nini, na hana pa kuyasoma yaliyomo isipokuwa usoni kwa anayeisoma.

Kesho yake nilimkabidhi bwana barua, na sikugeuka mara moja. Nilibaki pumzi moja tu, macho yangu usoni kwake. Mzee alikuwa amekaa viti vya katikati. Baadaye aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze alijikuta anamtazama mhusika mkuu usoni wakati wa barua ile, na hakujua kwa nini.

Kwa sababu mimi nilimtazama. Mtazamaji hufuata jicho la mwigizaji. Mwenye nafasi ndogo ana nguvu hiyo mkononi, na wengi wetu tunaitumia vibaya. Unaweza kukohoa, kuchezea kofia, kujikuna mwenzako akiwa kwenye maneno yake mazito, na macho yote yatakujia wewe. Utaonekana siku hiyo, na hutaitwa tena. Nimewashuhudia vijana wenye vipaji wakipotea kwa njia hiyo. Ukimtazama mwenzako kwa haja ya kweli, yeye anang'aa na wewe unabaki ndani ya mwanga wake.

Miaka minane ya jukwaani nairuka. Tuje kwenye kamera.

Siku yangu ya kwanza kwenye seti nilisema maneno yangu, mwongozaji akasimamisha kazi akaniuliza kwa upole nilikuwa nazungumza na nani. Nikamwonyesha mwenzangu aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu. Akasema, "Basi mwambie yeye." Jukwaani sauti lazima imfikie aliyekaa mstari wa mwisho kabisa, na mwili wote unasaidia kuisukuma. Kamera imeshafika usoni kwako kabla hujafungua mdomo. Ukifikiri kweli, inaona. Ukijifanya unafikiri, inaona hilo pia. Tena filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi: Jumatatu unazikwa, Alhamisi unaoa. Usipojua mtu wako ametoka wapi kila anapoingia mlangoni, utapotea. Ni swali lilelile la barua.

Sasa nikwambie la kikombe, ambalo sijawahi kuliandika popote.

Miaka 13 iliyopita nilipata nafasi ya mzee jirani katika filamu moja. Nilikuwa na sini moja, dakika tatu hivi. Kijana anakuja kwangu, nampa kiti, nakunywa chai, namwambia, "Yule si baba yako." Hadithi nzima inageuka hapo. Nilikaa na sini ile miezi miwili. Tulipiga kwanza picha pana, wote wawili tukionekana mezani: nikainua kikombe, nikanywa, nikakirudisha, nikasema maneno. Halafu kamera ikasogezwa kwa picha ya karibu, uso wangu peke yake. Hapo kitu kilinishika. Maneno yalinitoka kabla ya kikombe, kisha mkono ukainuka wenyewe, unatetemeka, na kikombe kikagonga meno. Mwongozaji aliposema kata, seti nzima ilikuwa kimya. Mpiga picha alifuta macho. Nikarudi nyumbani najua nimefanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu.

Siku ya kuonyeshwa nilimwalika mama yangu, dada zangu wawili na majirani wa mama. Mama alivaa nguo yake ya kutokea. Tukakaa mstari wa tatu. Filamu ikaenda, ikafika pale kijana anapobisha hodi kwangu. Mlango ukafunguka. Mkono wangu ukaonekana pembezoni mwa picha, unasukuma kiti. Picha iliyofuata, kijana yuko barabarani anakimbia, ameshaambiwa.

Sini yangu haikuwepo. Mama hakuelewa, akadhani natokea mbele. Alisubiri filamu nzima. Ilipokwisha na majina yakaanza kupanda, watu wakainuka kutoka, yeye akabaki amekaa, ameinua shingo ili aone kati ya vichwa vya watu. Jina langu lilipopita alinigusa goti akasema, "Nimeliona."

Hakuna aliyenipigia simu kuniambia. Simu moja tu, dakika moja, ningewaambia nyumbani wasije. Nje nilimkuta mwongozaji amezungukwa na watu wanampongeza. Alinipita, akanishika bega, akaendelea. Nikisema nimesahau nitakuwa nimekudanganya. Ninyi mnaoongoza filamu, kama mnasoma hapa: mwigizaji uliyemkata, mwambie kabla hajawaleta wazazi wake. Haigharimu chochote.

Baada ya hapo nilikataa nafasi ndogo zote kwa karibu miaka miwili. Nilijiambia nasubiri inayonistahili. Haikuja, na simu zikakoma.

Kilichonirudisha ni mhariri wa filamu ileile, yule anayeunganisha picha. Tulikutana kwenye kazi nyingine, akanitambua, na kabla sijamuuliza akaanza mwenyewe. Aliniambia picha yangu ya karibu ilikuwa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo mezani, na alihangaika nayo siku mbili. Haikuunganika. Kwenye picha pana kikombe kinatangulia, kwenye picha ya karibu maneno yanatangulia. Angekuwa na picha ya kijana akisikiliza, angeificha ile kasoro hapo, lakini jua lilikuwa limewazamia na picha hiyo haikupigwa. Ikabidi atoe sini yote.

Kumbe muda wote niliokuwa namlaani mwongozaji, mkono wangu wenyewe ulikuwa na sehemu yake. Inauma, na inaponya pia, kwa sababu mkono wangu naweza kuufundisha. Tangu siku hiyo skripti yangu ina michoro ya penseli. Juu ya neno ambalo nainua kikombe, nachora kikombe. Juu ya neno ambalo nageuka, nachora mshale. Nikianza picha pana ninachagua matendo machache, mawili au matatu, yale ninayoweza kuyarudia mara kumi na tano bila kuyafikiria, ili machozi yakija yanikute mikono yangu inajua pa kwenda. Mtunza mwendelezo, yule anayeangalia picha moja ifuatane sawasawa na nyingine, ni rafiki yako kwenye seti, muulize. Ukiigiza unakula, meza kidogo, maana sahani ile utaletewa tena na tena mpaka jioni. Na maiti uliyoigiza usiidharau: kupumua bila kifua kuonekana, taa zikiwa usoni, ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Unaniambia nafasi ndogo hazionekani. Nikuulize, unamjua Beatrice Straight? Alikuwa mwigizaji wa jukwaani Marekani, alishapata tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani, mwaka 1953. Katika filamu ya Network ya mwaka 1976 anaonekana kwa dakika tano na sekunde chache, mke anayeambiwa na mumewe kwamba kuna mwanamke mwingine. Kwa dakika hizo tano alipewa Oscar, na hakuna aliyeshinda tuzo ya uigizaji ya Oscar kwa muda mfupi zaidi wa kuonekana. Itazame sini ile. Utamwona mwanamke mwenye miaka mingi ya ndoa nyuma yake, ingawa filamu haikutuonyesha hata siku moja ya miaka hiyo.

Unalalamikia miaka sita. Sydney Greenstreet alikuwa jukwaani tangu mwaka 1902, na filamu yake ya kwanza ilitoka 1941. Alikuwa na miaka 61 alipoipiga, na kwa filamu hiyohiyo ya kwanza akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Karibu miaka 40 ya jukwaani ilikuwa imekaa ndani ya mwili ule, ikingoja kamera.

Na John Cazale je? Aliigiza katika filamu ndefu tano tu kabla ya kufariki mwaka 1978 akiwa na miaka 42. Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, tatu zikashinda. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja. Humkumbuki kwa jina, lakini ukiona paji lile la uso na macho yale ya mtu anayeogopa kuachwa, utasema, aa, huyu! Nikifikiria kwamba mtu kama yule hakutajwa hata siku moja, naona maumivu yangu ya kikombe yana wenzake.

Dharau hii haikuanza kwako. Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na waigizaji wasaidizi hawakuwa na tuzo yao mpaka sherehe ya 1937. Hata walipoipata walipewa bamba, wakati wahusika wakuu wanapewa sanamu. Mpaka 1944 ndipo wakapewa sanamu kamili kama wenzao. Miaka saba washindi walirudi nyumbani na bamba, na kesho yake wakaenda kazini.

Basi sikiliza, mdogo wangu. Acha kuhesabu sini. Acha kupima urefu wa maneno yako kwa kidole kwenye skripti, nami nilikuwa napima, najua. Jua mtu wako ametoka wapi. Jua anataka nini kwa huyu aliye mbele yake. Mtazame mwenzako kwa haja ya kweli. Fika mapema, maneno yakiwa kichwani, mikono ikijua kazi yake. Usipige simu kulalamika, piga simu kushukuru. Na nasema tena, maana hili ndilo watu hawalishiki: jua mtu wako ametoka wapi. Kijana anayekuja kwenye usaili wa mlinzi huku moyoni anataka kuwa steringi, anatuletea mtu ambaye hayupo pale. Hatumwoni mlinzi, wala steringi hatumwoni. Tunaona kinyongo kimevaa sare.

Pengine utakuwa steringi, pengine hutakuwa. Mimi sikuwa, na wiki iliyopita nilisomewa sini tisa za baba mkwe kwenye simu. Kwenye sini ya nne yule mzee anapewa kikombe cha chai na mkwe wake. Nimeshakichora.

Mama hayupo tena, ila dada zangu nimewaambia. Safari hii nimewaambia wasubiri kwanza nithibitishe na mhariri.

Wewe niandikie tena. Umesema umekuwa mlinzi mara nne, na hukuniambia hata mmoja wao anaitwa nani, analinda mali ya nani, na usiku ule getini alikuwa amekula au hajala. Chagua mmoja, niletee habari zake zote, halafu ndipo tuzungumze habari za usaili wako ujao.